Nilivyowasha flash juani Migato ili Kabula na baba yake waonekane kwenye picha moja

Mwangaluka wakuu.

Kuna uzi humu vijana wanabishana eti kuwasha flash kwenye jua kali ni ushamba. Nimeusoma nikashindwa kutulia, nikaona nifungue wa kwangu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Halafu nyie mnaoniita "kaka", mimi ni mama, nina wajukuu. Tuendelee.

Miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeingia, nilikuwa karani kwenye kinu cha kuchambua pamba. Tukapunguzwa kazi. Wenzangu kiinua mgongo walifungulia maduka ya mitumba, mimi nikaenda Mwanza nikanunua kamera ya mkanda na flash yake.

Bariadi walinicheka! Mwanamke na kamera?

Sikuwa na amani, wakuu. Ajira imekwenda, biashara siijui, na mkanda huoni ulichopiga mpaka ukasafishwe Mwanza. Nikishautuma kwa basi, sina la kufanya ila kungoja bahasha irudi.

Basi, akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Migato. Binti yake Kabula alikuwa amepata nafasi shule ya bweni, mbali, nje ya mkoa. Akataka picha ya Kabula na baba yake. Moja ibaki nyumbani, nyingine mtoto aondoke nayo.

Nikamwambia hiyo rahisi, mama.

Akasita. "Mayu, huyu mtoto ana ualbino." (Mayu ni mama kwa Kisukuma. Na hilo neno ualbino hakulitumia, alitumia lile la zamani ambalo sitaki kuliandika hapa.) "Alishapigwa picha mnadani mara moja. Baba yake alitoka vizuri, yeye akatoka kama karatasi. Hana macho, hana pua. Aliichana."

Nilikubali, lakini njia nzima kwenye baiskeli nilikuwa najiuliza nimekubali nini.

Nilipofika, jua lilikuwa limeshawaka. Baba Kabula amevaa koti lake la kanisani, hatulii hata kidogo. Lori la wanunuzi binafsi wa pamba lilikuwa limefika kijijini, na pamba yake ilikuwa bado ndani. Kila baada ya muda anachungulia barabarani.

Kabula hakutoka. Nikamfuata ndani.

"Mimi sitokei kwenye picha," akaniambia. "Piga baba peke yake."

"Yule wa mnadani alikuweka wapi?"

"Juani. Macho yaliuma, nikafumba."

"Mimi nitakupa kofia, na jua litakuwa mgongoni kwako. Likikuuma niambie, tunaacha."

Alifikiria, akatoka. Nadhani ni kwa sababu nilimuuliza, sikumvuta.

Sasa ngojeni niwaeleze tatizo, hasa wenye kamera za kisasa zinazojifanyia kila kitu.

Ukipimia mwanga uso wa baba, mweusi kama wangu, binti anaungua, yaani anatoka mweupe tupu. Ukipimia binti, baba anabaki giza na meno. Nikawajaribu kivulini ukutani, tofauti ni ileile, na nyuma yao uwanja unawaka mweupe tupu.

Nikawageuza, jua nyuma. Hapo Kabula akafungua macho vizuri kwa mara ya kwanza. Mazuri kweli! Lakini sura zote mbili zikaingia giza. Nikatoa flash.

Majirani wakaangua kicheko. Mzee mmoja akaita, "We mayu, jua lote hili hulioni mpaka uwashe taa?"

Nilicheka nao lakini jasho lilikuwa linanitoka. Nikiwamulika sawasawa kutoka mbele, binti ataungua tena. Nitakuwa nimemrudisha mnadani.

Ndipo nikakumbuka taa ya kibatari mezani. Aliye karibu anaonekana wote, wa pembeni anapata kidogo tu.

Nikaitoa flash juu ya kamera, ilikuwa na waya wake. Nikampa Mama Kabula aishike upande wa mume wake, karibu naye. Kabula nikamsogeza upande wa pili, hatua nyuma kidogo, apate mabaki ya mwanga. Mama wa watu aliishika kama kifaranga.

"Itanilipukia?"

"Haikulipukii, mama. Mwelekezee mumeo."

Nikamgeukia binti. "Kabula, usiangalie flash. Angalia mkono wangu."

Nikapiga. Kisha tukangoja flash ijae, betri zilikuwa zimechoka, inalia tiiii haiishi. Lori likapiga honi kule barabarani. Baba Kabula akanyanyua mguu.

"Baba," Kabula akasema, bila kugeuka, "subiri kidogo."

Akaurudisha mguu chini. Nikapiga tena. Ya tatu flash ilikataa kabisa, na Baba Kabula akakimbilia pamba yake na koti la kanisani mwilini.

Mkanda ulikuwa haujafika hata nusu. Niliutuma hivyohivyo.

Ile wiki sikula vizuri. Basi la Mwanza linaingia, naenda. Hakuna. Naenda tena, hakuna. Bahasha ilikuja asubuhi ileile Kabula anasafiri, nikaichania palepale stendi.

Ya kwanza, baba amefumba macho. Ya pili...

Nilianza kukimbia kabla sijamaliza kuitazama, maana basi la Shinyanga, alilokuwa anapanda Kabula, lilikuwa limewasha injini. Niliwakuta wote watatu mlangoni.

Kabula aliileta picha karibu kabisa na macho yake, ndivyo anavyoona. Akakaa nayo. Kondakta anagonga bati, abiria wanalalamika, yeye hajali.

Kisha akasema taratibu, "Kumbe nafanana na baba."

Baba yake akaichukua. Akatazama picha, akamtazama binti, akatazama tena. Pua ileile, mdomo uleule, hata kichwa wameinamisha upande mmoja. Miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia mtoto yule kwamba anafanana na mtu.

Baba Kabula alimvua kofia, akampangusa paji la uso kwa kiganja, akamrudishia. Basi likaondoka.

Mimi nilirudi kwenye baiskeli yangu nalia kama mjinga.

Nilichojifunza: jua kali liweke nyuma ya watu, sura uzijaze kwa flash kidogo, na rangi zao zikitofautiana sana usimulike wote sawa. Anayeng'aa msogeze mbali na taa. Lakini kabla ya yote muulize mtu jua linamuumiza wapi. Kamera haitakuambia hilo.

Wazee wenzangu wa mkanda, nyie mlikuwa mnafanyaje? Na ndugu zangu wenye ualbino mliomo humu, tuambieni bila aibu wapiga picha tunawakosea wapi. Nasoma kila comment.