Kiapo cha Asiyeamini

Tangu enzi za Wasovieti, Sozari alijulikana bonde zima kwa mambo mawili: alifundisha fizikia bila kushika kitabu, na hakuamini Mungu. Siku zile kutoamini kulikuwa sehemu ya mshahara. Walimu wenzake walifundisha darasani kwamba Mungu hayupo, kisha wakirudi nyumbani wakafunga madirisha na kuwasha mishumaa. Sozari hakuwasha. Wasovieti walipoanguka na kanisa likafunguliwa, walimu wale wale ndio waliotangulia kubatizwa, na Sozari akabaki palepale alipokuwa. Watu walimheshimu kwa hilo, kama anavyoheshimiwa kiwete asiyelalamika.

"Kaka, wewe ukifa utakwenda wapi?" binamu yake Bimurza alipenda kumuuliza kwenye karamu, pombe ikishapanda.

"Makaburini, pembeni ya baba yako. Nitamweleza unavyokunywa."

Watu wakacheka, mikate ya nyama ikazungushwa, na hakuna aliyenuna. Miaka ile ya tisini serikali ya Georgia ilikuwa jina tu huko milimani. Polisi hawakupanda. Mwanamume hakutoka nje bila bunduki, na wenye ugomvi walipatanishwa na mila, au hawakupatanishwa kabisa.

Sozari na mkewe Marekhi walikuwa na mtoto mmoja, Jumberi, kijana mrefu kuliko wote wawili. Bibi yake alimbatiza kwa siri angali mchanga, na alipokua akaanza kuvaa msalaba na kufunga saumu. Baba yake aliuona msalaba ule kama alivyouona ule ujana wa kufuga ndevu: utapita.

Majira ya nyasi kukatwa, Jumberi aligombana na jirani yao Nodari juu ya mpaka wa malisho. Walishikana mashati mbele ya watu na kutoleana maneno mazito. Vuli ilipofika, Jumberi alipanda msituni kuwinda. Ukungu ulikuwa mzito. Akasikia matawi yakivunjika, akaona kitu cheusi, akadhani ni dubu, akafyatua risasi. Alipokaribia alimkuta Nodari amelala chali, ameshika tumbo.

Nodari alikuwa hai. Aliomba maji. Jumberi alimtazama, akaukumbuka ugomvi wa mpaka, akaona hakuna atakayemwamini. Akakimbia. Baba yake Nodari, mzee Almurza, alimpata mwanawe kesho yake kwa msaada wa mbwa, amekwisha kuwa baridi.

Hayo Jumberi alimweleza baba yake zizini. Mama yake hakuambiwa.

"Nitakwenda niwaambie," alisema kijana. "Ilikuwa ajali, baba."

"Baada ya kushikana mashati mbele ya kijiji kizima? Watakuua kabla hujamaliza sentensi. Hukuwa msituni. Ulikuwa hapa na mimi, tunapasua kuni. Sema hivyo."

Jumberi akasema hivyo. Lakini mchunga kondoo mmoja alikuwa amemwona akiteremka, na akina Almurza wakamtaja.

Mila ya huko ni hii. Anayelalamika huchagua wanaume kumi na wawili kutoka ukoo wa anayeshutumiwa. Hao husimama kanisani mbele ya ikona ya Mtakatifu Giorgi, picha ya kale iliyofunikwa kwa fedha, na kila mmoja huapa kwamba ndugu yao hana damu mikononi. Wakiapa wote, kesi imekwisha na hakuna tena mwenye ruhusa ya kunyanyua bunduki. Akikataa mmoja tu, mshutumiwa ana hatia ya kuua. Na kiapo si mchezo: anayeapa uongo huikabidhi nyumba yake na kizazi chake kwa laana. Kuna makaburi kijijini ambayo watu hawasemi mwenyewe alikufa kwa ugonjwa gani. Wanasema tu, "Aliapa."

Wazee wasuluhishi walipoleta majina aliyoyachagua Almurza, watu walishangaa. Bimurza alikuwamo, na wa kumi na mbili alikuwa Sozari.

"Almurza ameishiwa akili," alisema Bimurza mezani kwa Sozari, akijimiminia pombe. "Kamchagua mtu ambaye ile ikona kwake ni ubao! Ni sawa na kumtisha samaki kwa maji. Kaka, hatimaye Mungu amekupa kazi."

Kisha akaweka bilauri mezani, sauti ikashuka. "Nikuulize kitu kimoja tu. Mimi nina watoto watatu. Jumberi alikuwa hapa siku ile?"

"Alikuwa hapa."

"Basi yamekwisha."

Sozari alimtazama binamu yake akinywa. Alikuwa ameshapiga hesabu zake. Huko juu hakuna mtu. Maneno ni hewa inayotikisika, yanatoka mdomoni na kupotea. Watoto wa Bimurza hawatadhurika kwa hewa, na Jumberi ataishi. Hakuona kosa katika hesabu hiyo, na alikuwa amezoea kuyaona makosa ya hesabu.

Asubuhi ya kiapo kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wanaume wa ukoo walipita mmoja mmoja, nyuso zimewapauka, ingawa kila mmoja aliamini anasema kweli. Bimurza, mcheshi wa karamu zote, alishika ukingo wa ikona na jasho likamtiririka shingoni. "Kama nasema uongo, nyumba yangu izimike na mbegu yangu isiote," alisema, kisha akatoka nje kuvuta hewa.

Ilipofika zamu ya Sozari, Almurza alinyanyua mkono.

"Huyu ikona haimtishi. Iondoeni."



"Hawa wengine wameapa kwa lile waliloambiwa," Almurza aliendelea. "Wewe, Mwalimu, ndiye uliyekuwa nyumbani. Ndiyo maana nimekuchagua. Hujawahi kunidanganya hata siku moja. Basi niapie kwa kitu unachokipenda. Apa kwa kichwa cha Jumberi."

Karibu na mumewe alisimama Sidonia, mama wa marehemu, kajifunga kitambaa cheusi. Hakulia. Alimtazama Sozari mdomoni, kama kiziwi amtazamavyo msemaji.

 Sozari alijikumbusha kwamba ni hewa tu. "Naapa kwa kichwa cha mwanangu," alisema, "hana damu ya Nodari mikononi."

Almurza aliinamisha kichwa. "Basi," alisema. Akamshika mkewe mkono wakatoka, na watu wakawapisha.

Nyumbani Marekhi alikuwa ameandaa viazi na jibini. Jumberi, ambaye kwa mila haruhusiwi kuwepo kanisani, alikuwa mezani akisubiri.

"Imekwisha," alisema Sozari. "Kula, mwanangu."

"Wameapa wote?"

"Wote."

"Na baba mdogo Bimurza? Kwa watoto wake?"

"Ndivyo maneno yanavyokwenda."

"Na wewe?"

Sozari alimenya kiazi. "Almurza alitaka niape kwa kichwa chako. Nikaapa. Sasa kula."

Jumberi aliweka kijiko chini. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayekagua kama bado kipo.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekuokoa. Ule ni ubao, Jumberi. Ubao na bati la fedha."

"Kwako."

"Kwangu na kwako. Jambo halibadiliki kwa sababu wewe unaliogopa."

"Watoto wa Bimurza, baba. Nilimfundisha yule mdogo kupanda farasi." Alinyanyuka. "Nitalala vipi humu ndani? Kila wakikohoa kule ng'ambo kwao nitasikia."

Marekhi alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mwanawe ameua.  Alikaa chini, kwenye sakafu, sufuria mapajani.

"Naenda kuwaangalia ng'ombe," alisema Jumberi, akatoka.

Sozari alimalizia kiazi chake. Alijiambia kijana atatulia, wiki moja, mbili, majani yataota juu ya jambo hili. Ni Marekhi aliyeona.

"Baba Jumberi," alisema kutoka sakafuni. "Bunduki yake iko ukutani. Ametoka mikono mitupu."

Sozari alikimbia bila koti. Aliteremka njia ya mawe, akaanguka, akainuka. Alipofika kwa Almurza geti lilikuwa wazi na Jumberi alikuwa amesimama katikati ya ua, kichwa wazi. Almurza alikuwa ngazini na mkewe, bunduki begani. Maneno makubwa yalikuwa yameshasemwa.

"Alikuwa hai ulipomwacha?" Sidonia aliuliza.

"Alikuwa hai, mama. Aliomba maji."

"Ukampa?"

"Nilikimbia."

"Ilikuwa ajali!" Sozari alipiga kelele, pumzi zikimkatika. "Almurza, sikiliza! Kulikuwa na ukungu, alidhani ni dubu. Hakukusudia. Kweli tupu, naapa..."

"Unaapa?" Almurza hakupandisha sauti. "Mwalimu, wewe umeshaapa asubuhi."

 Kwa ajali mila ilikuwa na njia yake, na hakuna aliyekulia bonde lile asiyeijua. Wasuluhishi wangekaa, ng'ombe na kipande cha shamba vingehamia kwa Almurza, nyumba mbili zingebatiziana watoto na maisha yangeendelea, kwa uchungu, lakini yangeendelea. Ajali ilihitaji kitu kimoja tu: neno la mtu anayeaminika. Siku ya kwanza neno hilo lilikuwapo.

"Kijana, uko uani kwangu," alisema Almurza. "Mtu aliyeingia uani kwangu haguswi. Kaa hata mwaka, mama huyu atakupa mkate. Lakini geti ndilo lile, na nje ya geti ni damu ya mwanangu."

"Kaa!" Sozari alilia. "Jumberi, kaa hapo hapo! Nitaleta wasuluhishi. Nitaleta watu."

"Watu gani, baba? Utawaambia nini?"

"Kaa, nakuomba. Nakupigia magoti."

Na kweli alipiga magoti, kwenye tope la getini, mtu ambaye hakuwahi kumpigia magoti yeyote aliye juu wala chini.

Jumberi alimgeukia Sidonia. "Mama, nisamehe." Sidonia alivuta kitambaa kikamfunika uso. Kijana alifanya ishara ya msalaba, polepole, akaanza kutembea. Baba yake aliruka akaziba geti. Jumberi alimshika mabega akamsogeza pembeni kwa upole, kama mtu anayempisha mzee barabarani, akavuka. Sozari alimkimbilia, akapita nyuma yake na kupanua mikono kumkinga. Lakini kijana alikuwa mrefu kuliko baba yake. Almurza alipiga risasi moja.

Siku ya mazishi, bonde zima lilipaswa kuwa uani kwa Sozari, maana ndivyo wanavyozikana huko. Walikuja wachache. Wanaume wa ukoo walikuwa kanisani. Walikuwa wamenunua dume la ng'ombe pamoja, wakalipeleka kuchinjwa mbele ya Mtakatifu Giorgi, kumwomba awaondolee kiapo walichoapa bila kujua.

Bimurza peke yake alipitia. Hakuvuka geti.

"Mdogo wangu, ingia," alisema Sozari.

"Hapana, kaka. Yule mtoto wangu mdogo ana homa tangu juzi."

"Ni mafua. Msimu huu watoto wote wana mafua."

"Najua ni mafua." Macho ya Bimurza yalikuwa mekundu. "Mke wangu hajalala. Mimi sijalala. Kila akipumua tunamsikiliza. Nilikuuliza, kaka. Niliweka bilauri chini nikakuuliza."

 Bimurza alivaa kofia, akaondoka kuelekea kanisani.

Makaburi yako juu, njia ni mwinuko mkali, na jeneza la kijana mrefu ni zito. Sozari alitazama uani kutafuta wanaume wa kubeba. Hawakutosha. Marekhi, ambaye tangu mezani siku ile hakuwa amemsemesha, alivua shali akaiweka juu ya uzio, akaenda upande wa kichwa na kuingiza bega lake.

"Nyanyua," alimwambia.