Barua Ndani ya Fremu

Chuoni tulimwita Samahani. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza tu, pale maktaba, alipomwomba msamaha mlinzi kwa kupita mbele yake, akageuka, akajikwaa kwenye kiti, akakiomba msamaha na kiti. Waliokuwa karibu walikufa kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka nao, kisha akasema samahani kwa kupiga kelele maktaba.

Nilikaa naye chumba kimoja kwa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa akisomea ualimu wa sayansi, na alikuwa binti pekee wa fundi seremala. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, kwa hiyo alikulia karakana, akilala mchana juu ya maranda huku baba yake akipiga randa. Aliweza kukuambia ubao ni wa mti gani kwa kunusa vumbi lake. Katika ukoo wao, upande wa baba na upande wa mama, hapakuwa na mtu aliyewahi kuingia sekondari, seuze chuo kikuu. Barua ya kumkubali chuoni ilipofika, baba yake aliichongea fremu ya mninga, akaipaka vanishi mara tatu, akaitundika sebuleni mahali ambapo kila anayeingia lazima aione.

Tofauti yangu naye haikuwa akili. Kwa akili alinizidi, na nusu ya mazoezi yangu ya kemia alinielekeza yeye. Tofauti ni kwamba mama yangu ni mwalimu. Kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa nimeshaambiwa ofisi gani hushughulikia nini, karani gani wa kumsalimia vizuri, na kwamba ukiambiwa "njoo kesho" maana yake ni "njoo tena na tena mpaka tukuchoke". Samahani hakuwa na mtu wa kumwambia hayo. Milango ya wahadhiri ilikuwa na karatasi zinazoonyesha saa za kuonana na wanafunzi. Yeye alizisoma zote, akaamini kwamba ni kwa ajili ya wanafunzi wenye kesi. Alikuwa akipita kwenye ile korido kwa kunyata.

Alichokuwa nacho ni sheria za karakana. Baba yake alikuwa na wateja wa aina mbili. Kuna aliyeagiza kabati, akaambiwa aje Ijumaa, akaja Ijumaa. Na kuna aliyeambiwa Ijumaa akaja Jumatatu, akaja Jumanne, Jumatano akamtuma shemeji yake. Huyu wa pili kazi yake ilirudishwa nyuma kabisa, chini ya zote. Samahani alinisimulia hayo akicheka, akimwiga baba yake anavyoegemea meza ya kazi na kumtazama mteja juu ya miwani: "Kabati lako linakusikia, mzee. Ukizidi kuliita, litachelewa."

Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, asubuhi ya mtihani wa mwisho wa kemia, alianguka mlangoni pa ukumbi. Homa ilikuwa imempanda tangu jana yake, naye hakusema. Alilazwa siku tatu katika zahanati ya chuo. Alipotoka alipeleka cheti cha daktari kwenye dirisha la ofisi ya msajili, kama alivyoelekezwa na muuguzi. Karani alikipokea, akakigonga mhuri, akamwambia asubiri barua.

Basi akasubiri. Likizo fupi hakwenda nyumbani, kwa sababu safari ilikuwa ya siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na pia alikuwa amepata kibarua cha kupanga vitabu maktaba. Muhula wa pili ukaanza. Wiki ya tatu nilimuuliza habari za ile barua, akasema bado. Nilimwambia aende dirishani akaulize.

"Ameshaniambia nisubiri," alisema. "Nikirudi ataona simwamini."

"Hakujui hata jina. Nenda."

"Ndiyo hivyo. Sitaki anijue kwa usumbufu."

Sikumsukuma zaidi. Nilikuwa na kazi zangu za kuwasilisha, na nilidhani mambo ya ofisi huchelewa tu. Najuta kwamba sikumshika mkono siku ile nikampeleka mwenyewe. Ilikuwa mwendo wa dakika nne.

Baba yake hakujua lolote. Walikuwa wakizungumza kila Jumapili kwa simu ya mshonaji, jirani aliyeweka cherehani yake kwenye baraza moja na karakana. Samahani hakumwambia baba yake kwamba aliugua, wala kwamba mtihani ulimpita. Baba naye, kama tulivyokuja kujua baadaye, alikuwa na siri yake tamu, na kila Jumapili aliimeza akisubiri binti yake aje aione kwa macho.

Wiki ya nane ofisi ilibandika orodha ya wanafunzi wanaoruhusiwa kuendelea. Tulikwenda kuitazama pamoja. Yeye alipitisha kidole mara ya kwanza, akarudia kutoka chini kwenda juu. Alikwenda dirishani, safari hii bila kuambiwa, na mimi nyuma yake.

Karani alifungua faili. Barua ilikuwa imetumwa siku ya tisa baada ya mtihani. Ilimpa nafasi ya kufanya mtihani mwingine, kwa sharti moja: kipande cha chini kijazwe, kitiwe sahihi na mwanafunzi na mzazi, kirudishwe ndani ya siku ishirini na moja. Hakikurudi. Kwa hiyo kikao cha mitihani kilihesabu kwamba ameacha masomo kwa hiari yake. Samahani alisema hakupata barua yoyote. Karani aligeuza faili ili asome mwenyewe anwani aliyoiandika siku ya kwanza. Sisi wengine tuliandika sanduku la posta la bweni. Yeye, penye neno "anwani", aliandika kwao. Angeandika wapi? Nyumbani kwake ni pale.

Aliomba siku tano, akapanda basi mchana uleule.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia mwenyewe. Baba yake alishangaa kumwona katikati ya muhula, lakini furaha ikamzidi mshangao. Alimshika bega, akamwambia afumbe macho, akampeleka sebuleni. Alipofumbua, pembeni ya ile fremu ya mninga palikuwa na fremu ya pili, kubwa zaidi, yenye pembe zilizounganishwa bila msumari hata mmoja. Ndani yake ilikuwa barua.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na mzee alijua kusoma Kiswahili tu. Aliifungua bahasha kwa patasi ili asiichane. Akaona nembo ileile, mhuri uleule, jina la binti yake kwa herufi kubwa, na sahihi ndefu chini. Ilifanana na ya kwanza kama watoto wa tumbo moja. Alimwita mshonaji, ambaye naye aliitambua nembo na jina, basi.

"Hawa watu wa chuo hawachoki kumsifu huyu mtoto," mshonaji alisema. "Ukuta utatosha kweli, fundi? Anza kujenga chumba cha pili."

Barua ya kwanza ilikuwa imejikunja kwa unyevu ndani ya mwaka mmoja, na jambo hilo lilimuuma mzee kila alipoitazama. Kwa hiyo hii ya pili aliipaka gundi ya mbao nyuma yote, akaibandika juu ya plaiwudi, akailaza chini ya uzito kwa siku mbili, ndipo akaifunika kioo. Ule mstari wa nukta nukta uliokatiza chini, aliuhesabu kuwa ni urembo.

Samahani alisimama akaisoma yote nyuma ya kioo. Baba yake alikuwa akimtazama uso, akingoja.

"Baba," alisema, "ilifika lini?"

"Ile wiki niliyopachika madirisha ya zahanati ya hapa. Nikasema nisikuambie, uikute."

"Imetulia vizuri sana."

"Hii haijikunji. Hata ukiacha miaka hamsini."

Aliniambia kwamba hapo alitaka kunyamaza. Alipiga hesabu ya namna ya kurudi chuoni na kudanganya kuwa barua ilipotea njiani. Lakini aliona kwamba barua yenyewe ndiyo ushahidi pekee alionao kwamba hakuacha kwa hiari.

"Baba, naomba tuiteremshe," alisema. "Walitaka tuijibu."

Mzee hakuelewa mara moja. Alimwomba amsomee, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Samahani akamsomea. Alipofika kwenye siku ishirini na moja, mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akamwambia arudie hapo. Kisha akaiteremsha fremu, akaenda nayo karakana, akatoa kioo, akachukua kisu chembamba kuliko vyote na kuanza kuibandua kutoka pembeni. Gundi ilikuwa nzuri. Karatasi ilianza kuchanika upande wa juu, karibu na jina. Akaacha.

"Tutakwenda nayo hivihivi," alisema. "Wao wenyewe waone."

Alirudisha kioo, akaizungushia shuka, akavaa suruali yake ya harusini. Siku ya tano niliwaona wakikatiza uwanja wa chuo, mzee mbele na mzigo wake kifuani, binti nyuma. Vijana waliokaa ngazini walitaniana kwamba hatimaye picha ya mkuu wa chuo imefika. Niliwafuata mpaka ofisini, na kwa kuwa hakuna aliyenifukuza, niliingia.

Msajili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimpa mzee shikamoo na kiti. Mzee aliitika lakini hakukaa. Alifunua shuka, akaiweka fremu juu ya meza kwa uangalifu, kama anayekabidhi kazi kwa mteja. Msajili aliitazama, akaanza kutabasamu, kisha akasoma tarehe na tabasamu likamtoka.

Alieleza taratibu sana. Kikao kilikaa, kikafungwa, na yeye peke yake hana uwezo wa kukifungua. Nafasi ya mwanafunzi huyu imeshapewa mwingine. Anaweza kuomba upya mwakani, aanze mwaka wa kwanza, ila ufadhili wa serikali mtu hupewa mara moja tu. Alisema kama wangekuja hata wiki moja baada ya tarehe, angepata cha kufanya. Alisema hivyo kwa nia njema, nadhani. Ingekuwa heri asingesema.

Mzee alisikiliza yote. Kisha akainama juu ya meza, akaweka kidole kwenye kioo, chini kidogo ya ule mstari wa nukta.

"Mama, sahihi yangu ilitakiwa hapa?"

"Hapo, mzee."

"Nipe kalamu basi. Nitatoa kioo sasa hivi, ni klipu nne tu."

"Mzee, haitasaidia kitu."

"Najua. Umeeleza nikaelewa. Lakini msije mkaandika kwamba baba yake alikataa."

Msajili alinitazama mimi, sijui kwa nini, halafu akampa kalamu. Mzee alitoa kioo, akaandika jina lake kwa herufi zilizotengana, taratibu, huku ulimi ukiwa umetokeza kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Samahani alikuwa ameelekea ukutani. Alisema samahani, lakini hatukujua anamwambia nani.

Nilimsaidia kufunga vitu vyake. Alinipa madaftari yake ya kemia, akanionyesha kurasa ambazo hakuziamini sana. Hatukulia mbele ya mzee.

Nilipohitimu nilikwenda kumtembelea. Anafanya kazi mapokezi ya zahanati, ile ile ambayo madirisha yake yalichongwa na baba yake. Huita wagonjwa kwa majina, na nilimwona akitoka nyuma ya meza kumfuata bibi kizee hadi kwenye benchi, akamwelekeza mlango wa kuingia na nani wa kumuuliza huko ndani. Kuomba upya hakuomba. Alisema atafikiria. Tulikuwa tumeshayasema hayo kwa barua mara mbili, kwa hiyo sikumrudisha huko.

Nilikaa nao siku mbili. Ukuta wa sebuleni hauna kitu. Mzee bado anachonga, na amezeeka kuliko miaka yake. Jioni ya kwanza tulikuwa tumeketi mezani aliporudi kutoka karakana na karatasi mkononi. Mtu alikuwa amegawa karatasi kama hizo barabarani, na nyingine zilikuwa zimeshafungiwa vitafunwa. Alifuta mikono kwanza, akampa binti yake karatasi hiyo kwa mikono miwili, akabaki amesimama. Nilimsogezea kiti, lakini hakukiona. Baadaye Samahani aliniambia kwamba ndivyo afanyavyo kwa kila karatasi inayoingia nyumbani, hata iwe ya kufungia sabuni, na kwamba hawezi kukaa mpaka imesomwa mpaka mwisho.

"Inasemaje, mama?" mzee aliuliza.

"Ni tangazo la dawa ya kunguni, baba."

"Umesoma na nyuma?"

Aliigeuza. "Na nyuma pia."

"Hawataki tujibu?"

"Hapana, baba. Hawataki kitu. Kaa."