Kipande cha Bafta Mkwajuni

Nilipokuwa mtoto, kule Bagamoyo, hakuna aliyethubutu kupita chini ya mkwaju wa mtaa wetu saa sita mchana. "Wenyewe wanapumzika," Bibi alituambia, akimaanisha mizimu ya mti ule, na sisi wajukuu tuliuzunguka kwenye jua kali, nyayo zikiungua, ili tuwapishe.

Kisha mji ukaanza kutanuka. Ilipimwa barabara ya kwenda viwanja vipya, na mkwaju ukapakwa alama nyekundu. Bibi, aliyeuza ukwaju wake tangu ujana, hakulalamika. Aliacha tu kula.

Nilijua dawa moja: mti uliofungwa kitambaa cheupe haukatwi. Nikafungua sanduku la Bibi, nikachana kipande cha bafta. Na kwa kuwa nilitaka wenyewe wanione, nilikwenda saa sita hasa. Sijapata kukimbia vile tena! Nilipiga fundo tawini, nikarudi mbio bila kutazama nyuma, huku naogopa, huku nacheka.

Kesho yake mkata miti, mtu wa Vigwaza, alikiona kitambaa, akazima msumeno wake wa mashine.

"Kata, bwana!" msimamizi alifoka.

"Kata wewe. Mimi nina watoto."

Msimamizi akaunyakua msumeno. Akatazama juu. Akaurudisha taratibu. "Hata mimi ninao."

Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Barabara ikapindishwa hatua chache.

Jioni Bibi alifungua sanduku. Bafta ile ilikuwa sanda yake, aliyojiwekea mwenyewe kama wazee wengi wa kwetu. Nikaangua kilio.

"Umenipunguzia sanda, mke mwenzangu?" Akacheka hata akashika mbavu, kisha akaomba chakula. "Basi nitangoja. Siendi kwa Mola na nguo pungufu."

Alingoja miaka mingi.

Siku hizi kazi yangu ni kuorodhesha miti ya mji na kuitetea mbele ya wapimaji. Nina sheria, nina mhuri, na bado miti huniponyoka. Kama wenyewe walikuwapo, siamui. Ila wale wanaume wawili siwacheki: walisita kabla ya kukata, na kusita huko ndiko ninakoomba kila siku kwa barua ndefu.

Bibi alipofariki, mwoshaji aliikunjua sanda akauliza mbona imepungua. Nikamwonyesha mkwaju dirishani. Akaupima upungufu kwa shubiri, akautazama tena mti.

"Inamtosha," akasema.