Friji ya Bia Niliyoijenga Dagoretti Corner

Tulimzika mke wangu nyumbani, Magharibi, msimu wa kupalilia mahindi. Mama yangu akasema watoto wabaki naye, wasomee huko, kwa maana mwanamume peke yake Nairobi atawalea vipi? Sikubishana. Nikarudi Dagoretti Corner na mfuko mmoja wa nguo, nikafungua mlango, nikakuta viti vya sebuleni vimepangwa vile vile alivyoviacha, vimezunguka meza kama watu wanaongojea chai.

Viti vilikuwa vingi kwa sababu ya Jumapili. Tangu tuhamie nyumba ile, watu wa kwetu walizoea kupitia hapo wakitoka kanisani: shemeji yangu, yaani kaka wa marehemu, aliyekuwa karani mjini, na wanaume wengine watano au sita wa makamo. Walikaa mpaka jua likaribie kuzama. Kulikuwa na kreti la bia chini ya meza, na maneno ya nyumbani hayakwisha. Baada ya mazishi walikuja mara moja wakanipa pole, wakakaa kwenye ncha za viti, wakaondoka mapema. Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Wala ile nyingine. Nilikuwa mpweke, na sitafuti neno la kulipamba jambo hilo. Nilikuwa nikila nimesimama, nikiwasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Sasa mimi ni fundi, na fundi akiumia moyoni hutafuta kitu cha kutengeneza. Nilifanya kazi ya friji katika karakana moja Ngara, nyuma ya maduka ya jumla, kwa Mhindi mmoja mkali sana ambaye hangelala usingizi akiona skrubu imepinda. Kwake tulipiga msasa hata mgongo wa friji, mahali ambapo hakuna atakayepaona ila panya. Siku moja alinituma Spring Valley, kwa familia ya Wazungu waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, nikatazame friji moja iliyokataa kupoza. Ilikuwa friji ya pipa la bia. Sikuwa nimeona nyingine kama hiyo nje ya hoteli: kabati fupi la mbao, pipa ndani, na juu yake bomba linalong'aa. Mwenye nyumba aliniambia kwamba tangu aiweke pale, hakuwahi kukosa wageni hata wiki moja.

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Nikawaza: kumbe shida yangu ni hiyo. Nyumba yangu haina cha kuwavuta watu. Na aibu nyingine ilinijia hapo hapo, kwamba fundi wa friji alikaa miaka yote hiyo bila friji nyumbani kwake. Marehemu alikuwa akinitania kwa hilo mbele ya wageni. "Huyu kazi yake kupoza, mimi kazi yangu kupasha moto. Tumeoana namna gani?" Watu walicheka mpaka viti vikalia.

Nikaamua kuijenga, tena isiwe ya kuungaunga. Kitu cha kuungaunga kingewafanya wanionee huruma, na huruma nilikuwa nimeshiba. Nilitaka mtu akiingia aulize nimeinunua wapi.

Kompresa nilitoa kwenye friji kuukuu iliyotupwa nyuma ya karakana, mlango wake ukiwa umeliwa na kutu lakini moyo wake mzima. Kabati nililitengeneza kwa mbao za mvule, nikalivika fomika nyeusi juu, mahali pa kuweka glasi. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa sebuleni na msasa, na vumbi la mvule likanikausha koo. Bawaba nilizizamisha ndani ya mbao zisionekane. Mgongo nao niliupiga vanishi mara tatu, ingawa ungetazama ukuta. Bosi mwenyewe alinipa bomba la shaba lililokuwa limelala kwenye droo yake, akaniambia nilisugue mpaka nione meno yangu. Nikayaona.

Lakini bia ilikataa kutii. Meneja wa hoteli moja mjini, ambaye nilikuwa nikimtengenezea mashine zake, aliniuzia pipa na kuniazima mtungi wa gesi ya kusukumia bia. Nikaunganisha, nikavuta bomba, ikatoka povu tupu, glasi nzima kama maji ya kufulia. Nikapunguza gesi, bado povu. Nilikaa sakafuni nikaigusa mahali pote kwa kiganja, kama mama anavyomgusa mtoto mwenye homa. Pipa lilikuwa baridi, lakini ile shingo ya bomba juu ilikuwa na joto la chumba, na bia ilikuwa ikishtuka ikifika hapo. Nikatoboa chini ya shingo, nikapitisha hewa baridi kwa kifeni kidogo, na mpira wa kupitishia bia nikaurefusha na kuukunja mizunguko ndani ya kabati. Nikavuta tena. Ikashuka ya rangi ya asali, na povu vidole viwili juu. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Niliinywa glasi hiyo peke yangu, na ilikuwa nzuri. Mota ikawa inanguruma polepole, nikaipenda sauti yake, maana ilikuwa kama kuna mtu chumba cha pili.

Siku ya pili nilikwenda ofisini kwa shemeji, mjini. Nikamwambia, "Jumapili mje wote. Kuna kitu nataka muone." Akanitazama kidogo, akasema, "Tutakuja, shemeji."

Wakaja. Hata yule aliyekuwa akiumwa goti alikuja. Waliingia, wakasimama mbele ya friji yangu, mmoja akapitisha kidole kwenye ukingo wa fomika.

"Hii umenunua wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

"Wacha mchezo, bwana! Hii ni ya hoteli hii."

Nikafungua mlango, nikawaonyesha mpira, mtungi, kifeni. Nikaisogeza kutoka ukutani wakaona na mgongo. Sijawahi kusifiwa vile maishani. Nikawamiminia, glasi zikatoa jasho, kila mtu akachukua yake na kuketi. Hapo moyo wangu ukatulia. Nikajiambia, haya sasa, mambo yamerudi.

Hayakurudi. Walipiga funda moja moja. Mwenye goti akafumba jicho, akashika shavu. Walisifu mashine tena, wakauliza inakula umeme kiasi gani, kisha maneno yakaisha. Nikaangalia mikono yao. Wote, bila hata mmoja kumwambia mwingine, walikuwa wamezikumbatia glasi kwa viganja viwili, wanazipasha joto.

"Ya moto haiko?" mwenye goti akauliza kwa upole, kama anayeomba kitu kisicho cha heshima.

"Ya moto ya nini, na hii baridi iko?" nikasema, na nilisema kwa ukali kidogo.

Shemeji akainuka na glasi yake, akaingia jikoni. Alipokawia nikamfuata. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko la makaa, halina hata majivu, na beseni kubwa la bati limening'inia ukutani juu yake.

"Dada alikuwa anatuwekea hapa," akasema.

Nikaelewa hapo, na nilijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Nairobi. Kwetu, wazee wakizunguka chungu cha busaa, pombe yetu ya nafaka, na mirija yao mirefu, mwanamke wa nyumba hupita na birika akiongeza maji ya moto, ili kinywaji kisipoe na mazungumzo yasikatike. Mke wangu hakuwa na chungu Dagoretti Corner, alikuwa na kreti la chupa. Basi alizilaza chupa kwenye beseni la maji ya moto, akayajaribu maji kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto, akapita akimpa kila mmoja yake. Mimi mumewe, mtu wa friji, niliyaona hayo miaka yote, nikadhani tulikunywa ya moto kwa sababu tu hatukuwa na friji.

Nikatia makaa. Shemeji akapuliza. Nikalishusha beseni, likaacha duara jeupe ukutani. Maji yalipopata moto nikavuta bia kwenye majagi, nikayasimamisha ndani ya beseni. Kama fundi nilijua ninachokifanya: gesi yote ilitoka, na ile bia niliyoihangaikia ikalala kama uji. Nikajaribu maji kwa kiwiko. Nilipotokea sebuleni na jagi la kwanza, mwenye goti akacheka kwa sauti.

"Eeh! Sasa tumefika kwako!"

Wakanywa. Wakavua makoti. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu akamtaja marehemu, namna alivyowafukuza siku moja kwa mwiko walipochelewa kuondoka, na mwingine akaongeza, na shemeji akacheka huku akipangusa macho. Mimi nililia waziwazi, jagi mkononi, na hawakuninyamazisha. Jua lilipoanza kushuka wakainuka. Shemeji akauliza mlangoni, "Jumapili tukuje?"

"Mje."

Wakaenda. Nikarudi jikoni peke yangu. Sebuleni friji ilikata, ikakaa kimya, kisha ikaanza tena kunguruma, kazi safi isiyo na kosa. Nilizamisha kiwiko ndani ya beseni. Maji yalikuwa bado na joto. Nikavuta kigoda nikakaa kando yake, na sikuyamwaga mpaka yalipopoa yenyewe.