Mamba wa Futi Nane Kwenye Bwawa la Heroe

Kwanza nikiri: yule mamba sikumwona. Hakuna aliyemwona. Nilimwandika tu, kwa kalamu ya getini, kwenye kitabu cha hifadhi, Jumamosi asubuhi mwezi wa Machi, nikiwa na akili zangu timamu.

Hifadhi yenyewe iko nje kidogo ya Doha. Ni bwawa katikati ya jangwa, na maji yake yalipitia vyoo vya mji kabla ya kusafishwa. Ndege hawajali. Machi, kabla joto halijaanza kutuadhibu, wanatua hapo wakielekea kaskazini, na shule hutupeleka tukawatazame. Ukitoka unajaza kitabu: mnyama gani, wangapi, wapi, jina lako, uraia wako. Hapa hata ukienda kuangalia bata, uraia utaulizwa.

Wenzangu waliandika korongo, mnandi, hudihudi. Mmoja aliandika nzi. Mimi nikaandika: mamba, mmoja, futi nane, kwenye matete, ametulia. Pa jina nikaacha wazi. Pa uraia nikaandika Kenya.

Sasa, kama ningetoka nchi nyingine, msimamizi wa pale, ambaye kila mtu humwita mudiri, angecheka akafungua ukurasa mwingine. Lakini alisoma Kenya akaona hapa amesema mtaalamu. Mimi nimezaliwa Doha. Kenya nimeenda mara tatu, zote Krismasi, na mnyama mkali kuliko wote niliokutana nao ni jogoo wa nyanya.

Shida ni kwamba kulikuwa na Mkenya mwingine karibu na kile kitabu. Askari wa getini hutia sahihi chini ya kila ukurasa jioni, na siku hiyo alitia bila kusoma. Tunamjua vizuri, tunasali naye kanisani kule Mesaimeer kila Ijumaa, maana hapa hiyo ndiyo siku ya mapumziko. Amekaa kwenye kile kibanda miaka, na mwezi huo alikuwa ameahidiwa kutoka getini awe mtembeza wageni. Alikuwa na daftari la majina ya ndege kwa Kiarabu. Baada ya ibada, watu wakinywa chai, yeye alikuwa akimkariria mama yangu bata wa aina sita.

Ijumaa iliyofuata, mchungaji aliuliza nani ana hitaji. Askari akasimama.

"Wapendwa, niombeeni. Kazini kuna mamba."

"Mamba wa namna gani, ndugu?"

"Wa futi nane, mchungaji."

Akaeleza. Njia ya mbao imefungwa kwa utepe, watu wawili wanazunguka bwawa na darubini wiki nzima. Mudiri anasema aliyeandika ni yeye askari, kwa sababu ukurasa una Kenya na sahihi yake. Asipopatikana mamba kufikia Jumapili, wageni watapewa mtu mwingine awatembeze, mtu asiyeona vitu.

Kanisa zima likanyoosha mikono likamkemea yule mamba. Nikakemea pia, kwa sauti, nimefumba macho. Nilipofumbua, mama alikuwa ananitazama mimi, si mchungaji. Mama ni nesi. Anaweza kukutazama hivyo mpaka ujisikie homa.

"Futi nane," akaninong'oneza. "Mende wa bafuni alikuwa futi nane. Samaki wa Lusail, futi nane."

"Mum, ngoja nieleze."

"Utaeleza getini."

Hatukungoja chai. Tulimchukua askari garini, maana zamu yake ilikuwa inaanza mchana, na nikamwambia tukiwa njiani. Alitazama nje ya dirisha mpaka tukafika, na huko nje hakukuwa na kitu ila mchanga.

Mudiri alikuwa kwenye utepe na wale watu wake wa darubini. Mamba hawakumwona, lakini kwa kumtafuta walikuwa wameona kila kitu kingine: mbweha na watoto wake, mwewe akibeba panya, mjusi mkubwa wa jangwani akiota jua kwenye tairi. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote kwao.

Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha darasani kwamba mamba ni mimi. Nikarekebisha: niliyeandika ni mimi.

"Lakini wewe ni Mkenya," mudiri akasema.

"Ndiyo. Lakini wa hapa Doha."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa simu isiyo na kitu ndani.

Ndipo askari akasema, polepole, "Mudiri, nilikuambia tangu Jumapili. Watazame heroe."

Tukawatazama. Walikuwa wamejaa kwenye maji ya kina kifupi, wa waridi, vichwa chini wakila, wengine wamelala kwa mguu mmoja. Kando ya matete kabisa.

"Kungekuwa na mamba, wangelala pale?"

Mudiri akaanza kuukunja utepe mwenyewe.

"Yalla," akamwambia askari, akituonyesha sisi kwa kidevu. "Anza na hawa."

Kwa hiyo wageni wake wa kwanza tulikuwa sisi. Alitupitisha njia nzima bila haraka. Alituonyesha ndege weusi kwa weupe wenye miguu myekundu mirefu kama mirija ya soda, na kiota chao kwenye tope, mayai manne ya rangi ya tope lenyewe. Bata wote sita aliwataja.

"Na kule kwenye matete, anko?"

"Kule kuna mamba," akasema, bila kucheka.

Tulipotoka, kitabu kilikuwa palepale. Nikashika ukurasa ule niuchane.

"Toa mkono," mama akasema. "Wodini ukikosea hauchani, haufuti. Piga mstari mmoja, maneno yaendelee kusomeka. Halafu andika jina lako na saa."

Nikapiga mstari juu ya mamba. Juu ya mmoja. Juu ya futi nane, juu ya matete, juu ya ametulia. Nikaandika jina langu, saa tisa na nusu. Kalamu ilipofika juu ya Kenya, mama akanishika mkono.

"Hapo wacha," akasema. "Hapo pekee ndipo haukudanganya."