Siku Kompyuta Iliporudi Nyuma Miaka Minane

Siku kompyuta yetu iliporudi nyuma miaka minane, ndiyo siku sauti ya mama yangu ilipopatikana.

Najua inavyosikika. Wewe kaa, nikueleze taratibu, maana nguvu za kubishana na mtu sina tena.

Naitwa Wondifraw. Niko Debre Markos, huku juu kwenye baridi. Mchana nafundisha shule ya msingi, jioni napiga krar, kinubi chetu cha nyuzi sita. Studio yangu ni hicho hicho chumba cha kulala: mablanketi ukutani, maikrofoni moja, na kompyuta kuukuu inayosahau saa na tarehe kila umeme ukikatika.

Mama yangu, Yeshimebet, alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni tangu mimi mdogo. Mwaka huu ukaanza kumkaba. Daktari akasema lazima ukatwe, na akamweleza wazi kwamba sauti inaweza isirudi.

Sasa mama yangu huyo ndiye anayeimba kwenye harusi za mtaa mzima. Ana wimbo wake wa kumtoa bibi harusi mlangoni, ameshawatoa nao mabinti wa watu wote. Na mdogo wangu wa mwisho, Mekdelawit, alikuwa anaolewa baada ya Pasaka.

"Wondi," mama akaniambia, "nirekodi kabla hawajanikata. Mdogo wako asitoke mlangoni kimya kimya kama mpangaji anayehama."

Basi nikaanza kutafuta programu ya kurekodia. Ya bure, kwa sababu mimi ni mwalimu. Na iwe ile ambayo kila sauti inakaa kwenye mstari wake: krar huku, ngoma kule, mama pake. Maikrofoni ni moja, kwa hiyo naingiza kimoja kimoja, halafu navichanganya.

Ya bure! Jamani, hilo neno limenizeesha.

Ya kwanza ilitaka intaneti muda wote, na mtandao wetu huja ukijisikia. Ya pili ilikuwa na mistari minne tu. Nilipogusa wa tano, ikaniletea tangazo la kulipia, lina picha ya mzungu anacheka.

Ya tatu ilikuwa bure kweli, imetengenezwa na watu wanaojitolea. Lakini sura yake! Utadhani fomu ya kuombea leseni. Halafu nikipiga krar, sauti inanifikia masikioni imechelewa. Palikuwa na mahali pa kurekebisha, nikaona uvivu kupatafuta.

Ya nne ilikuwa mrembo. Rangi zimetulia, vitufe vinang'aa. Imeandikwa BURE kwa herufi za bango, na chini yake, kwa herufi za sisimizi: kwa mwezi mmoja.

Wimbo mmoja unachukua mwezi mzima kweli? Nikaichukua.

Mama akakaa kitandani kwangu, vipokea sauti juu ya mtandio wake mweupe. Akaimba mara moja tu. Mara moja, bila kukosea, mpaka ng'ombe wa jirani nao wakanyamaza.

Alipomaliza aliendelea kuongea. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nahangaika na waya, namjibu tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Krar na ngoma nilikuwa nimeshaziingiza, ikabaki kazi ya kuchanganya. Nikasema nitafanya wiki ijayo.

Wiki iliyofuata ukaingia Mfungo Mkuu, ule wa kabla ya Pasaka.

Kwetu mfungo huu ni karibu miezi miwili. Siyo nyama na maziwa tu. Hakuna harusi, hakuna ngoma, na kwa baba yangu, Mzee Demissew, hakuna hata kugusa wimbo wa kidunia ndani ya nyumba yake. Nilijaribu kuvaa vipokea sauti nifanye kazi kimya kimya. Akaja akanivua.

"Baba, hii ni mashine tu."

"Na Mungu naye ni mashine?"

Nikafunga kompyuta.

Mama akafanyiwa upasuaji katikati ya mfungo. Akapona vizuri, tunashukuru. Ila sauti ikabaki mnong'ono, kama daktari alivyosema. Anakuita toka jikoni, wewe uliye sebuleni husikii kitu.

Pasaka ikafika. Tukala kuku, tukanywa kahawa, nikaenda kuufungua wimbo.

Muda wako wa majaribio umekwisha. Lipia ili uendelee.

Kulipia ni kwa kadi ya benki ya nje, ambayo mwalimu wa Debre Markos haipati hata akifunga mwaka mzima. Nikasema poa, nitaufungua kwa programu nyingine. Nikajaribu zote. Hakuna hata moja iliyoelewa lile faili. Kazi ya mrembo inasomwa na mrembo mwenyewe. Na mimi, bwege, sikuwa nimetoa hata nakala moja ya kawaida.

"Kaka," Mekdelawit akaniuliza, "wimbo wa mama umeisha?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ndiyo nini? Harusi Jumapili!"

Mama akamgusa mkono, akanong'ona, "Mwache kaka yako. Anachanganya."

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Sauti yake imefungiwa ndani ya kompyuta yangu, halafu bado ananitetea kwa hicho kimnong'ono kilichobaki.

Ijumaa nikakata tamaa. Nilikuwa nimechoka mpaka kope. Nikasema naifuta hii programu, namwambia ukweli, anitukane, tuyamalize.

Umeme ulikuwa umekatika asubuhi ile, ukarudi. Kwa kawaida tarehe naiweka mimi, lakini nilikuwa shuleni, na baba alitaka kusikiliza mahubiri yake kwenye kompyuta. Nikakuta kompyuta inawaka.

Nikafungua programu kwa mara ya mwisho.

Ikafunguka!

Karibu. Zimebaki siku elfu mbili na mia kadhaa.

Nilidhani homa imenipanda. Nikatazama ile kona ya chini, penye tarehe. Nikautazama mwaka. Nikacheka peke yangu kama kichaa.

Baba alikuwa ameinakili tarehe kutoka kalenda ya kanisa iliyo sebuleni. Mwaka wetu sisi, wa kalenda ya nchi yetu, uko nyuma ya ule wa dunia, na miezi hii tofauti ni karibu miaka minane. Tunaishi nao vizuri tu. Kompyuta ndiyo haikujua, na mrembo akadhani mwezi wake wa bure bado haujaisha.

"Baba! Wewe ndiye umegusa tarehe?"

"Ndiyo. Ilikuwa inauliza mwaka, kitu kizima hakijui hata mwaka! Na usiirudishe kwenye uongo wako."

"Sirudishi, baba. Haki ya Mungu sirudishi!"

Nikatoa mstari mmoja mmoja kama faili la sauti la kawaida. Krar. Ngoma. Mama. Nikavipeleka kwenye ile programu ya tatu, yenye sura mbaya. Ikavipokea vyote bila kuuliza swali. Na pale mahali pa kurekebisha ule ucheleweshaji? Nilipapata kabla chai haijapoa.

Halafu, kwa mara ya kwanza, nikausikiliza mstari wa mama peke yake mpaka mwisho. Wimbo ukaisha. Waya zikakwaruza. Kisha mama, kwa ile sauti yake ya zamani, nzito, yenye kejeli:

"Wondi, hicho kitu unachosema cha bure, umemuuliza mwenyewe atakuja kukidai lini?"

Na kwa mbali, mimi: "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Nililia, sikufichi.

Jumapili Mekdelawit alitoka mlangoni na wimbo wake. Mama alisimama pembeni, midomo ikiufuata wimbo neno kwa neno bila sauti. Bibi harusi akaharibu vipodozi vyote. Hata baba alijifanya ana vumbi jichoni.

Wewe unayerekodi chumbani kama mimi, usihangaike na sura. Rekodi kitu kidogo, kitoe, kifungue kwingine. Kikigoma kutoka, kimbia, maana hiyo siyo bure, kazi yako imewekwa rehani na hujaambiwa.

Mrembo nimemfuta. Ile sentensi ya mwisho ya mama sijaikata. Kila nikitaka kuanza wimbo mpya naifungua kwanza, kwa sauti ya juu, nyumba nzima isikie.

Naye mama anatoka jikoni na mwiko wake, anasogea mpaka sikioni kwangu ili nimsikie.

"Na leo," ananong'ona, "umemuuliza mwenyewe?"