Macho Aliyojichora Dada

Dada yangu alianza kujichora macho makubwa baada ya jirani zetu wa Sokon I kununua televisheni na deki ya video. Walikuwa Waislamu wenye asili ya Kondoa, watu wa biashara, na miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa baba wa nyumba ile alikuwa akienda Dubai na kurudi na mabegi makubwa yaliyofungwa kamba. Alileta redio, saa za ukutani, vitambaa vya makochi, na safari moja akaleta kanda za video za katuni za Kijapani. Maneno yake hatukuelewa hata moja. Mama wa nyumba alitutandikia mkeka sebuleni, tukakaa kutazama wasichana ambao nusu ya uso wao ilikuwa macho.

Watoto wenzangu waliwacheka. Dada hakucheka. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani anasubiri matokeo, hana la kufanya mchana kutwa. Alisogea karibu na kioo cha televisheni mpaka mama wa nyumba akamwambia arudi nyuma.

"Angalia vizuri," alininong'oneza. "Huyu hata akilia, macho hayafumbi."

Nyumbani alichukua kioo cha baba cha kunyolea na kukaa nacho dirishani. Alikuwa na mkono mtulivu, tangu utoto alichora vizuri. Hakupaka wanja pale wanawake wote wanapopaka. Alishuka nao chini kabisa, karibu na shavu, akachora ukingo mpya wa jicho, kisha akaijaza ile nafasi ya katikati kwa weupe. Weupe ule aliutengeneza mwenyewe: chaki iliyosagwa, ikachanganywa na mafuta ya mgando. Alipitisha weupe huo hata ndani ya ukingo wa jicho, pale penye unyevu. Mwisho alichora kope ndefu juu ya ngozi ya shavu.

Ukimtazama kutoka mlangoni, macho yalikuwa makubwa kuliko ya mtu. Tatizo lilikuja alipopepesa. Kope za kweli zilishuka na kupanda kama kawaida, lakini ule weupe wa chini ulibaki wazi, ukikutazama. Ilikuwa kama mtu amelala na bado anakuona.

"Usipepese," nilimwomba.

"Siwezi kutopepesa," alisema, akapepesa tena makusudi.

Mama alipomwona alisimama na beseni la nguo mkononi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Futa hicho kitu kabla baba yenu hajarudi." Dada alifuta, na kesho yake akachora tena.

Jumapili moja baada ya ibada baba alitupeleka kijijini Nkoaranga, mlimani, kumsalimia mama yake. Mimi nilikaa kwa bibi huyo miaka yangu ya mwanzo, kwa hiyo Kimeru nilikisikia vizuri. Dada alikulia mjini, alijua salamu tu. Bibi alikuwa ameanza kupata mtoto wa jicho. Aliona mwanga na maumbo, na uso wako aliutambua ukimsogelea sana.

Dada alikuwa amebeba vitu vyake vya kujichorea kwenye mfuko ili awaonyeshe binamu zetu. Baba akiwa ndani anakunywa chai na bibi, yeye alijichora nyuma ya nyumba, kwenye shamba la kahawa. Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani na kujaa katikati ya migomba. Binamu zetu walimtazama, na yule mdogo akaanza kulia. Dada akaona bora aingie ndani. Alipita mlango wa jikoni ili akanawe uso, hakujua kwamba bibi alikuwa amehamia pale kuota moto.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Bibi hakuitikia marahaba. Aliinua uso, akamtazama muda mrefu, mikono yake ikiwa bado imeelekezwa motoni. Kisha akasema kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana, "Umechelewa kurudi. Macho bado yanakuuma?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya dada. Baba alisikia kutoka chumba cha pili. Alikuja, akamwona binti yake, akamshika mkono na kumtoa nje.

Tulipokuwa tunateremka ile njia ya miguu kwenda barabarani ndipo alipotueleza. Alikuwa na dada yake, shangazi yetu, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Aliugua rovu, ule uvimbe wa shingo, na ugonjwa ulipozidi macho yakamtoka, yakawa makubwa kiasi kwamba hata akilala hayakufumba. Alipokufa walijaribu kuyafumba, yakakataa. Bibi alikaa pembeni ya kitanda akiyafunika kwa kiganja chake, na kila alipoondoa kiganja yalikuwa wazi.

"Amezikwa hivyo hivyo," baba alisema. "Sasa mmeelewa. Sitaki kuona rangi hiyo tena."

Dada alifuta uso kwa khanga na mate, akisugua kwa hofu. Asubuhi iliyofuata aliamka akiniita. Macho yake yalikuwa yamevimba na kushikamana kwa tongotongo, hakuweza kuyafungua. Mama aliyalowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka yakaachia, na yalipofunguka yalikuwa mekundu kama nyama. Alisema tu, "Shangazi yenu hakupenda." Mimi nilimwamini kabisa.

Muuguzi wa kliniki ya macho tuliyemfuata mjini hakumtaja marehemu yeyote. Aliuliza, "Umeweka nini humu?"

"Chaki," dada alisema.

"Ndani?"

"Ndani kidogo."

Muuguzi aliinua ukope kwa pamba, akatuonyesha chembe nyeupe zilizokwaruza. Alimsafisha, akampa dawa ya matone, na wakati wote akizungumza kwa upole kama anaongea na mwanawe. Kilichotengenezwa kwa ajili ya ubao, alisema, kibaki ubaoni. Ukitaka weupe, tafuta penseli nyeupe ya macho, uichonge kila unapoitumia, na ibaki yako peke yako. Pale ndani penye unyevu usipaguse, chora juu ya ngozi kavu tu. Nawa mikono kabla. Ukipata gundi ya kope za bandia, ijaribu kwanza kwenye mkono na usubiri mpaka kesho. Usilale na rangi. Na kufuta si kusugua: weka pamba yenye mafuta, subiri, kisha vuta taratibu kuelekea chini.

"Na lensi za rangi, za kuvaa machoni?" dada aliuliza. Mchuuzi mmoja sokoni alikuwa ameshamwonyesha, zikielea kwenye kichupa kama macho ya samaki.

"Hizo hata kwa kuota usiziote," muuguzi alisema.

Dada alipona. Penseli alinunua, lakini aliiweka chini ya nguo na hakuigusa, kwa sababu ya baba. Kisha habari zikaanza kuja kutoka mlimani. Bibi hali chakula. Bibi anakaa jikoni mchana wote ameelekea mlango. Kila aliyeshuka mjini alikuja na ujumbe uleule: mwambieni yule aje tena.

Baba alikataa kwa muda mrefu. Siku moja alikuja chumbani kwetu, akakohoa mlangoni, akasimama akiangalia sakafu.

"Ile rangi yako ipo?" alimuuliza dada.

Tulipanda sote watatu. Dada alinawa mikono kwa sabuni kwenye bomba la nje, akachonga penseli, akajichora juu ya ngozi kavu, taratibu, baba akimshikia kioo. Alipomaliza, baba alimtazama mara moja, akageuka akaenda kusimama kwenye kahawa.

Mimi niliingia naye, nikabaki karibu na mlango. Dada alikaa kwenye kigoda mbele ya bibi. Bibi alimgusa mashavu, paji, shingo, akiishika shingo kana kwamba anatafuta uvimbe. Wakaanza kuzungumza kwa kunong'ona. Sikushika maneno, nilisikia sauti tu, ya bibi, kisha ya dada, kisha ya bibi. Moshi ulikuwa mwingi na weupe ule ulionekana ndani yake hata pale dada alipoinama.

Baadaye bibi alisema kwa Kimeru, kwa sauti niliyoisikia, "Fumba sasa, mwanangu."

Dada alifumba. Weupe ulibaki wazi. Nilimwona bibi akianza kupumua kwa nguvu, kiganja kikija mbele na kurudi. Dada naye aliona kupitia upenyo wa kope. Alitoa pamba na kichupa cha mafuta ya nazi mfukoni, akamwekea bibi pamba mkononi, akauongoza mkono huo mpaka chini ya jicho. Wakasubiri. Kisha bibi akavuta kuelekea chini, na ukingo ule wa uongo ukaondoka. Akafanya jicho la pili. Alipitisha kidole gumba juu ya kope zote mbili na kukuta zimefungwa.

"Haya," alisema. "Lala."

Jioni ile alikula ndizi na maziwa, bakuli zima. Hakumuulizia shangazi tena, na dada alipomsalimia safari zilizofuata aliitikia marahaba na kumtania kwa Kiswahili kuhusu wanaume.

Njiani siku ile nilimuuliza dada waliongea nini.

"Aliniuliza mambo mengi," alisema. "Nilimjibu."

"Kwa Kimeru?"

Alisimama. Baba, aliyekuwa mbele yetu, alisimama pia, lakini hakugeuka. Dada alisugua vidole vyake vilivyokuwa bado na mafuta.

"Sijui," alisema.

Baadaye dada alifungua saluni mtaa wa Engutoto, kule kule mjini. Wasichana humletea picha za macho kama yale, naye huwachora vizuri, kwa mikono safi, na huwafundisha namna ya kufuta kabla hajapokea malipo. Kimeru mpaka leo hajui.